Seramu ya vitamini C kwa ngozi ya Mbeya na Iringa: ipi ununue, ipi uiache dukani

Makabati ya vipodozi pale Mwanjelwa, Mbeya, siku hizi yamejaa vichupa vya seramu ya vitamini C, kimiminika chepesi cha kupaka usoni. Vingi vina picha ya chungwa lililokatwa na namba kubwa mbele: 10, 15, 20, hata 30. Ukiuliza tofauti yake, jibu huwa moja: "Dada, chukua hii ya thelathini, ndiyo kali, wiki moja tu uso unawaka." Nimetumia aina kadhaa usoni mwangu, nimemchagulia mama mdogo anayeishi Iringa, na ndugu na majirani hunitumia picha za vichupa kwa simu wakitaka kujua wachukue kipi. Wote nawajibu kwamba kwa huku kwetu asilimia ndiyo ya mwisho kutazamwa. Kabla yake tazama jua unalokaa nalo, safari ambayo kichupa kimepita hadi kukufikia, na ngozi yako ni ya namna gani.

Jua la milimani

Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa iko kama mita 1,600, na Njombe inakaribia 2,000. Shirika la Afya Duniani linasema kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12. Kwa hiyo saa sita mchana, anga likiwa safi, mtu wa Uyole, Mbeya, anapigwa na mionzi mingi kuliko mtu wa Kariakoo, Dar es Salaam, ingawa wa Uyole amevaa sweta na wa Kariakoo anatokwa jasho. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Baridi ya Juni na Julai haipunguzi mionzi hata chembe, na mawingu mepesi ya Tukuyu huipitisha kwa wingi.

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya kuzaliwa, melanini, na ndiyo maana haiungui upesi. Lakini ngozi hiyohiyo ndiyo inayotengeneza madoa kwa urahisi. Chunusi ikipona inaacha doa jeusi linalokaa miezi, ujauzito unaacha mabaka mashavuni, na jua linayakoleza yote mawili. Kwa ngozi zetu hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unaweza kukoleza mabaka, na sanskrini (krimu za kukinga jua) nyingi zisizo na rangi haziuzuii. Nitalirudia jambo hili nikifika kwenye sanskrini.

Kazi ya vitamini C kwenye ngozi

Inafanya kazi tatu. Inapunguza nguvu ya kimeng'enya cha tairosinezi, ambacho ngozi hukitumia kutengeneza melanini. Inazima chembe haribifu zinazozalishwa na jua na moshi. Na inasaidia mwili kujenga kolajeni, protini inayoshikilia ngozi isilegee. Kwa yote matatu, matokeo ya kutarajia ni uso wenye rangi moja, madoa yaliyofifia na mng'ao wa afya. Rangi uliyozaliwa nayo inabaki palepale. Anayetaka kuwa mweupe kuliko alivyozaliwa hatapata hilo kwenye vitamini C, na mimi nafurahi kwamba hatalipata.

Tena haya ni kazi ya miezi. Kwa madoa ya chunusi, hesabu wiki 8 hadi 12 za kutumia kila siku ndipo uhukumu. Piga picha ya uso kabla hujaanza, dirisha lilelile na saa ileile, kwa sababu kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko ya polepole.

Vitamini C halisi: yenye nguvu, lakini dhaifu njiani

Kwenye boksi inaandikwa "Ascorbic Acid" au "L-Ascorbic Acid". Hii ndiyo iliyochunguzwa zaidi kuliko nyingine zote. Mwaka 2001 Sheldon Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwenye ngozi ya nguruwe. Waligundua kwamba ili iingie, kimiminika lazima kiwe kichachu, pH chini ya 3.5, na kwamba kiwango kinachoingia vizuri kabisa ni asilimia 20. Ukizidisha hapo, kinachoingia hakiongezeki. Kwa hiyo ile chupa ya 30 ya muuzaji wetu haina ubora wowote wa ziada. Ikiwa kweli ni asilimia 30, inakuongezea mwasho tu. Majaribio hayohayo yalionyesha kuwa vitamini ikishaingia hukaa: inachukua kama siku 4 kupungua nusu. Ukiamka umechelewa basi la kwenda shamba na ukaruka asubuhi moja, hujaharibu kitu.

Mwaka 2005 kundi la Duke likaonyesha tena kwamba ukichanganya asilimia 15 ya vitamini C, asilimia 1 ya vitamini E na asilimia 0.5 ya asidi feruliki, kinga dhidi ya madhara ya jua inapanda karibu mara mbili ukilinganisha na C na E peke yake, na mchanganyiko wenyewe unadumu zaidi. Huo ndio msingi wa C E Ferulic ya SkinCeuticals, ambayo bei yake ni mshahara wa watu wengi. Kampuni nyingi za bei ya chini zinatengeneza mchanganyiko unaofanana nao. Ukiwa unanunua vitamini C halisi, tafuta hiyo yenye vitatu kwa pamoja.

Shida yake ni kwamba inaharibika kwa hewa, mwanga na joto. Fikiria safari yake. Kichupa kinatoka Dar es Salaam kama kifurushi cha basi, zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya. Kinapita Morogoro na bonde la Ruaha Mbuyuni kikiwa ndani ya buti mchana wa jua kali, ndipo kipande mlima wa Kitonga na kukutana na ubaridi. Kabla ya hapo kilikaa kwenye kontena na kwenye stoo ya Dar. Baadaye kitakaa kabatini dukani, nyuma ya kioo, taa ikiwaka usiku kucha. Vitamini C ikitoka salama humo, imebahatika.

Ndiyo maana sikinunui bila kukiona rangi. Namwomba muuzaji afungue boksi, na kama kuna cha kujaribia naweka tone moja kwenye tishu nyeupe karibu na mlango, penye mwanga wa kweli. Ikiwa haina rangi au ni njano hafifu sana, sawa. Ikielekea rangi ya chungwa, imeanza kuchoka. Ikiwa imefika kwenye rangi ya chai ya rangi, nairudisha. Seramu iliyofikia hapo haitibu doa, na baadhi ya kemikali zinazozaliwa humo hutia ngozi rangi ya hudhurungi, ndiyo unaona vidole, ukosi wa blauzi na foronya vina alama za njano. Jihadhari na seramu zilizotiwa rangi ya chungwa tangu kiwandani: huwezi kujua imeharibika lini. Chupa nayo iwe ya giza, kahawia iliyokolea au isiyopitisha mwanga kabisa. Ya kioo cheupe iache hapohapo, hata ikiwa nzuri kiasi gani kwa macho.

Harufu isikutishe. Vitamini C halisi yenye asidi feruliki hunuka kidogo kama soseji zilizochemshwa, na inapokauka uso unanata kwa dakika chache. Kuchonyota kidogo mwanzoni ni kawaida pia, kwa sababu ya uchachu. Kuwasha kunakoendelea, wekundu au vipele si kawaida, hapo unaacha.

Ukishainunua, hapa milimani tuna bahati. Kabati la chumbani Mbeya, Njombe au Mafinga lina ubaridi wa kutosha karibu mwaka mzima, mradi kichupa hakikai dirishani wala bafuni kwenye mvuke. Aliyeko Kyela, chini kabisa karibu na Ziwa Nyasa, hana bahati hiyo. Kule joto ni la kweli, na vitamini C halisi inataka friji.

Kuna hesabu moja ambayo wauzaji hawaisemi. Mililita moja ni takriban matone 20. Kwa uso na shingo matone 5 yanatosha. Kichupa cha mililita 30 kina matone 600, yaani kinaweza kukupeleka miezi minne. Lakini vitamini C halisi ikishafunguliwa, baada ya miezi mitatu hivi nyingi zimeshabadilika rangi. Robo ya pesa yako inaharibikia kabatini. Ukipata cha mililita 15, au mkigawana kimoja na dada yako mliyeanza naye siku moja, ni busara zaidi.

Ndugu zake watulivu

Kuna vitamini C zilizofungwa kwenye umbo lingine ili zisiharibike. Kwenye boksi utasoma "Ascorbyl Glucoside", "Sodium Ascorbyl Phosphate", "Magnesium Ascorbyl Phosphate", "Ethyl Ascorbic Acid", au jina refu "Tetrahexyldecyl Ascorbate", ambalo ni la aina inayoyeyuka kwenye mafuta. Ngozi yenyewe ndiyo inayozibadilisha kuwa vitamini C zikishaingia, na si zote zinabadilishwa. Kwa hiyo nguvu yake ni ndogo, na utafiti wake ni mchache kuliko wa ile halisi. Lakini hazihitaji uchachu mkali, hazichonyoti sana, na zinastahimili safari na joto.

Nikilinganisha kwa haki: mtu aliyeko Nairobi au Dar, mwenye duka linalouza haraka na friji nyumbani, vitamini C halisi inamfaa zaidi. Sisi tunaopokea mzigo wa mwisho, ulioshinda stoo tatu, mara nyingi tunafaidika zaidi na hawa ndugu watulivu. Askobili glukosaidi iliyofika ikiwa nzima inazidi asidi askobiki iliyokufa kabla ya Makambako.

Kati yao pia kuna tofauti. Mwenye mafuta na chunusi achukue sodiamu askobili fosfati. Asilimia 5 yake imeonyesha kupunguza chunusi, kwa hiyo inafanya kazi mbili. Mwenye ngozi kavu, wale ambao Julai ikifika Makete au Njombe mashavu yanapasuka, achukue ya magnesiamu au ile ya mafuta. The Ordinary wana Ascorbyl Glucoside Solution ya asilimia 12, na ni rahisi kuzoeleka. Wana pia ile Vitamin C Suspension ya asilimia 23, ambayo ni vitamini C halisi ya unga ndani ya krimu isiyo na maji. Kwa kuwa haina maji inadumu, ila inachonyota kweli na unga wake unausikia ukipaka. Simshauri anayeanza.

Njia ya haraka ya kujua kama boksi linasema kweli ni kusoma orodha ya viambato nyuma. Vinaandikwa kuanzia kilicho kingi. Kwenye seramu ya asilimia 15, "Ascorbic Acid" lazima iwe ya pili au ya tatu, karibu na maji. Kisha tafuta "Phenoxyethanol". Hicho ni kihifadhi ambacho kwa kawaida hakizidi asilimia 1. Kilichoandikwa baada yake nacho kwa kawaida kiko asilimia 1 au chini. Nimeona vichupa vyenye chungwa zuri mbele, nyuma vitamini C iko baada ya kihifadhi na kabla ya manukato. Hiyo ni maji ya kunukia yenye bei ya seramu. "Orange extract" nayo isikuvute. Ni dondoo la chungwa, si kiwango cha vitamini cha kufanya kazi.

Niasinamaidi, jirani anayesahaulika

Kama una pesa ya kichupa kimoja tu na tatizo lako ni madoa ya chunusi na uso wa mafuta, mimi nakwambia anza na niasinamaidi. Ni aina ya vitamini B3. Yenyewe haizuii melanini kutengenezwa. Inazuia isisafirishwe kutoka kwenye seli zinazoitengeneza kwenda kwenye seli za juu. Asilimia 2 hadi 5 zinatosha. Inapunguza mafuta, inaimarisha ukuta wa ngozi usipoteze maji, haina uchachu, haibadiliki rangi ovyo, na buti la basi haliitishi. Bei yake kwa kawaida iko chini.

Vitamini C inaizidi kwenye kinga dhidi ya jua na kwenye kolajeni, na wengi huona mng'ao wake mapema zaidi. Kwa hiyo aliyevuka miaka thelathini, asiye na chunusi, anayetaka uso uchangamke, hapo vitamini C ina hoja. Zinaweza kutumika pamoja, moja asubuhi na nyingine usiku. Usinunue zote mbili siku moja. Uso ukileta vipele hutajua mwenye kosa ni nani.

Limao, ndimu na vidonge vya kutafuna

Binti mmoja wa hapa jirani aliniuliza, "Shangazi, si limao lina vitamini C, kwa nini ninunue?" Swali zuri, na jibu liko kwenye namba. Gramu 100 za maji ya limao zina kama miligramu 40 za vitamini C, yaani asilimia 0.04. Seramu ya asilimia 15 inayazidi zaidi ya mara 300. Kilichojaa kwenye limao ni asidi sitriki, ambayo inachoma. Halafu limao, na ndimu zaidi, zina kemikali zinazoamshwa na jua: umepaka asubuhi, ukatembea sokoni, baadaye unapata malengelenge na yakipona yanaacha weusi mzito kuliko doa ulilokuwa unalitibu. Kwenye jua la mita 1,700 hiyo ni hatari ya wazi.

Vidonge vya chungwa vya kutafuna, vinavyosagwa na kuchanganywa na gliserini au maji ya waridi, navyo havifai. Vina sukari, rangi na ladha, huwezi kupima pH yake jikoni, na mchanganyiko unaanza kuharibika saa hiyohiyo. Kuleni. Ubuyu wa njia ya Ruaha Mbuyuni una vitamini C nyingi kuliko chungwa, na mapera ya uani nayo pia. Mwili unavihitaji, ila utumbo unafyonza kwa kiasi na ngozi ya juu inapata kidogo; kula hakuchukui nafasi ya kupaka, wala kupaka hakuchukui nafasi ya kula.

Kichupa kinachofanya kazi wiki moja

Hapa ndipo ninapoomba msomaji anisikilize sana. Kipodozi chochote chenye maneno "vitamini C" ambacho kinakubadilisha rangi ndani ya siku saba hakifanyi kazi hiyo kwa vitamini C. Ndani yake huenda kuna haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 udhibiti wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Zebaki imefuatiliwa hadi kwenye Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao mwaka 2023 wanachama wake walikubaliana kuiondoa kabisa kwenye vipodozi. Bado inavuka mipaka.

Dalili nimeziona kwenye nyuso za watu ninaowapenda. Steroidi inafanya ngozi kuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana, inaleta vipele vidogovidogo vinavyofanana, na nywele zinaota pasipostahili. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka inaweza kuacha weusi wa samawati kwenye mifupa ya mashavu, na huo karibu hauondoki. Zebaki inafika kwenye figo. Mkorogo unaochotwa kwenye ndoo na kufungwa kwenye kopo lisilo na lebo haulinganishwi na kitu chochote katika makala haya, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo, hata aliyeuchanganya. Aliyekwisha kuutumia muda mrefu asiache ghafla na kuhamia kwenye seramu ya vitamini C. Ngozi hiyo itawaka moto. Aende hospitali kwanza, aseme ukweli wote, na akiwa na kopo aende nalo.

Seramu au sanskrini?

Mwenye pesa ya kimoja anunue sanskrini. Seramu inafifisha doa kidogokidogo kwa wiki kumi, na mchana mmoja wa mnada bila kinga unalikoleza upya. Namba ya SPF ni kipimo cha kinga: SPF 30 inazuia karibu asilimia 97 ya UVB, mionzi inayounguza ngozi, na SPF 50 karibu asilimia 98, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya namba tu. Lipa zaidi ikiwa inakinga na UVA pia, mionzi inayopenya ndani zaidi. Kipimo ni mistari miwili ya vidole kwa uso na shingo, na wanaokaa nje wapake tena kila baada ya saa mbili. Kwa kipimo hicho tyubu ya mililita 50 haimalizi miezi miwili. Hesabu gharama hiyo kabla hujaamua seramu ya bei gani.

Kwa mabaka ya mashavuni tafuta sanskrini yenye rangi inayokaribiana na ngozi yako. Rangi hiyo hutokana na oksaidi za chuma, na ndizo zinazozuia ule mwanga unaoonekana niliousema mwanzo. Inaondoa pia ule weupe wa majivu unaotufanya wengi tuziache sanskrini. Kofia pana ni ya bei rahisi kuliko vyote na haiishi haraka. Jirani zetu wenye ualbino wana hitaji kubwa kuliko letu; Kilisun, sanskrini inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, ilibuniwa kwa ajili yao, na kwao kinga ya jua ni suala la uhai, si la mng'ao.

Ningemchagulia nani nini

Mwanafunzi wa Iyunga au Mkwawa, uso wa mafuta, chunusi zinazoacha madoa: niasinamaidi asilimia 5 na sanskrini nyepesi. Akitaka vitamini C, iwe ya sodiamu. Vitamini C halisi isubiri chunusi zitulie.

Dereva wa bodaboda, mama anayeuza ndizi Kiwira, mkulima wa viazi Isyonje: kofia na sanskrini kwanza, kwa miezi kadhaa. Wengi madoa yataanza kufifia kwa hilo peke yake.

Mama mjamzito anaweza kutumia vitamini C na niasinamaidi. Aachane na retinoidi (dawa za ngozi za jamii ya vitamini A) na haidrokwinoni kabisa, na mabaka ya ujauzito ayape muda hadi baada ya kujifungua, mengi hupungua yenyewe.

Mwenye ngozi kavu ya Njombe: vitamini C ya mafuta, juu yake mafuta ya parachichi, ambayo kwa Njombe na Rungwe hayatafutwi mbali. Sanskrini inabaki ya mwisho kupakwa.

Mama mdogo wangu wa Iringa ana mabaka mashavuni tangu uzazi wa mwisho, umri umevuka hamsini, hana chunusi. Nilimwambia, "Mama mdogo, hii inafifisha, haifuti." Akanijibu, "Sawa mwanangu, ilimradi isinichome." Yeye nilimchagulia vitamini C halisi ya asilimia 10, yenye E na feruliki, chupa ya giza ya mililita 15, pamoja na sanskrini ya rangi. Tulianza kwa kupaka tone nyuma ya sikio siku chache, kisha usoni siku moja na kuruka moja, hadi ngozi ikazoea. Asubuhi ananawa, anajifuta hadi uso ukauke kabisa kwa sababu ngozi yenye maji huchonyota zaidi, anapaka matone, anasubiri yakauke, anapaka losheni, kisha sanskrini. Mashavu yamefifia. Pembeni mwa macho, palipokolea zaidi, hapajabadilika sana, na kwa mabaka ya ndani kama hayo seramu yoyote ina kikomo chake. Hapo daktari wa ngozi ana dawa nyingine, ikiwemo asidi azelaiki, na hospitali ya rufaa ya Mbeya ni karibu kuliko watu wanavyodhani.

Doa lolote linalokua, linalobadilika umbo, linalotoa damu au lisilopona halihusiki na seramu. Hilo lipelekwe hospitali wiki hiyohiyo.

Ukiwa dukani, fuata utaratibu huu: lisome boksi nyuma kabla ya mbele, tazama tarehe ya mwisho na alama ya kopo lililofunguliwa, ambayo inakuambia kitadumu miezi mingapi kikishafunguliwa. Kisha uliza mzigo umeingia lini. Muuzaji mzuri anajua tarehe hiyo bila kwenda kuitafuta. Asiyejua, nunua kwake niasinamaidi, na vitamini C ukaitafute kwingine.